Pua ya Chumba Namba Nne

Marehemu, ambaye wengi mliokaa hapa mnamjua kwa jina la Pua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watano. Jina hilo alipewa nyumbani, si kazini. Kaka yake akivuta sigara nyuma ya choo, yeye alimnusa shati tu: "Kaka, nipe peremende nisiseme." Maziwa hakuyagusa tangu utotoni. Alisema yananuka zizi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980, sekondari 1984, na mwaka 1987 akatoka chuo cha maabara na cheti chake na koti jeupe lililompwaya.

Julai mwaka huohuo alianza kazi katika maabara ya hospitali, chumba namba nne, meza ya dirishani. Alikaa hapo miaka thelathini na sita, akiotesha vijidudu vya wagonjwa kwenye visahani na kuvitambua. Wengine walisubiri vipimo. Yeye aliinua kifuniko, akanusa. "Daktari, kidonda hiki kinanukia zabibu. Hiyo dawa yako, mdudu huyu anaicheka." Kesho yake vipimo vilikubaliana naye. Wenzake nao wakajifunza kunusa. Hakuwakataza, alijivunia.

Mumewe, fundi friji, alikuja kutengeneza friji la maabara mwaka 1991, akarudi mara tatu mwezi huohuo. Friji halikuwa na ubovu. Fundi ndiye aliyekuwa nao. Walifunga ndoa tarehe 21 Desemba.

Oktoba mwaka jana aliotesha damu ya mchunga ng'ombe mwenye homa isiyoisha. Kisahani kikatoa vitone vidogo kama umande. Akafunua, akanusa. "Hii hainuki kitu. Hebu na nyie." Kikazunguka kwa wenzake watatu. Wakadhani ni uchafu wa hewani, wakakitupa.

Novemba zikaanza homa za jioni, jasho la kulowesha shuka, na maumivu ya mgongo. Alitibiwa malaria mara tatu, taifodi mara mbili. Januari alitolewa damu, chupa ikawekwa kwenye kabati la joto, na siku ya tano ikatupwa, maana ukutani pamebandikwa karatasi: "Chupa isiyoota siku ya tano itupwe. Kabati ni dogo." Mwandiko ni wake mwenyewe.

Tarehe 14 Mei alitolewa nyingine, akawaambia, "Hii msiiguse." Iliota siku ya kumi na moja. Ilikuwa bruselosi, ugonjwa wa ng'ombe ambao watu wengi huupata kwa maziwa mabichi.

"Maziwa? Mimi?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakikumbuka kile kisahani: mdudu huyu huingia hata kwa kunuswa. Mdudu alikuwa ameshakula vali ya moyo.

Wodini alimwambia mdogo wake, "Wewe ndiye utakayesoma wasifu wangu msibani. Usije ukawaambia watu niliugua kwa muda mfupi. Sema nilinusa."

"Dada, watakucheka."

"Wacheke wakiwa wazima. Na mwambie mkuu wa maabara ile karatasi yangu aichane."

Alifariki Jumatano, tarehe 5 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, mjukuu, kaka, na wadogo watatu. Mchunga ng'ombe ametafutwa, ameanza dawa. Marehemu ameacha pia wenzake watatu waliokinusa kisahani siku ile, na wote wako hapa, mstari wa nyuma. Mmoja ana homa za jioni. Chupa za damu zao ziliingia kabatini Jumamosi iliyopita. Leo ni siku ya saba. Karatasi imechanwa, na hakuna aliyezigusa.

Mungu amlaze pema, na pua yake nayo ipumzike.