Mzee Asajile Mwasambili, Aliyesema Amekunywa

Ukoo ulipomkabidhi Atupele Mwasambili, mdogo wake marehemu, kazi ya kuandika na kusoma wasifu huu, baba mdogo Anyisile alimpa na sentensi ya kuweka karibu na mwisho: "Aliugua kwa muda mfupi." Ni sentensi ya heshima, na misiba mingi tumeisikia. Humu haimo. Marehemu aliugua kwa miaka minane, na kati ya hiyo, zaidi ya mitano alituficha. Mjane wake, Mama Tumaini, aliusoma wasifu huu jana akasema usomwe kama ulivyo. Tumaini mwenyewe, kifungua mimba wa marehemu, amekubali atajwe, na sababu yake mtaisikia.

Asajile Mwasambili alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Makwale, wilayani Kyela, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gwakisa Mwasambili na marehemu Bibi Tusajigwe. Walizaliwa wanne, wakakua wawili, yeye na msomaji wa wasifu huu. Tangu utoto alikuwa mtu wa kupanga watu. Mama akimtuma kufukuza ndege kwenye mpunga, aliwaita watoto wa jirani, akampa kila mmoja kona yake, yeye akasimama katikati akitoa amri. Ndege hawakula, na mama hakujua amsifu au amchape. Tena hakuwa mtoto mwongo. Aliulizwa, "Umeoga?" wakati amelowesha miguu tu, akajibu, "Natoka mtoni, mama." Mama aliridhika, naye akaenda kula. Tulicheka sana hadithi hiyo miaka yote, na leo ndiyo ninayoifikiria kuliko zote.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Miaka miwili ya mwisho alikuwa kiranja mkuu, na waliosoma naye wanasema kiranja msaidizi alikosa kabisa cha kufanya. Alisoma sekondari Tukuyu kuanzia 1976 hadi 1979, kisha akajiunga na chuo cha kilimo Uyole, Mbeya, alikohitimu mwaka 1983.

Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa bwana shamba, akaitumikia wilaya yetu hadi alipostaafu mwaka 2021. Wengi mlioko hapa mlipanda kakao kwa sababu alikuja shambani kwenu na mche mkononi, akachimba shimo la kwanza yeye mwenyewe, akaondoka bila kuuliza kama mnataka. Mashamba hayo ndiyo yaliyowasomeshea watoto, kwa hiyo hakuna aliyemnunia muda mrefu. Mwaka 2012 wakulima wa kakao walimchagua mwenyekiti wa chama chao, na kiti hicho alikikalia hadi kifo chake.

Tarehe 16 Julai 1988 alifunga ndoa na Veronika, binti wa Matema. Msomaji anakumbuka alivyoitwa na kaka yake atoe maoni kuhusu mchumba. Alipofika ndipo alipogundua kwamba ng'ombe wa mahari walishafika Matema wiki iliyotangulia. Alitoa maoni yake kwa heshima zote, na maoni hayo yalikuwa mazuri, maana Veronika ni mtu. Mungu aliwajalia watoto watatu: Tumaini, Doreen na Nancy.

Mwezi Februari 2019 marehemu alikwenda Mbeya kwenye semina ya viongozi wa ushirika. Walifundishwa kwamba kuna kiongozi wa kuamuru, kuna wa kushirikisha, na kuna wa kuwaachia watu wajiendee. Kila mmoja aliambiwa ajipime, kisha akaulize nyumbani kama kipimo chake ni cha kweli. Yeye alijipa ushirikishaji. Akarudi na kipimo hicho hadi jikoni kwa dada yake, msomaji wa wasifu huu, akakaa kwenye kigoda.

"Mdogo wangu, mimi naongozaje?"

"Nikisema kweli utakula hapa?"

"Nitakula."

"Kaka, mkutano wako huanza ukiwa umeshakwisha."

Alichukua kisu akamenya ndizi ambayo haikuwa zamu yake kumenya. Halafu akasema, "Ndaga," yaani ahsante, na akala.

Na alibadilika. Hili lazima lisemwe kwa sauti, maana ni la kweli na ni gumu kwa mtu wa miaka hamsini na minane. Makamu wake, ndugu Angetile, ni shahidi kwamba tangu mwaka huo mwenyekiti alisema wa mwisho, si wa kwanza. Lilipokuja suala la kuanika kakao, yeye alitaka kila mtu aendelee kuanika kwake. Kina mama wakataka meza za pamoja. Wakabishana naye asubuhi nzima, wakapiga kura, akashindwa. Kesho yake wa kwanza kufika uwanjani na nyundo alikuwa yeye, na meza zile zipo hadi leo. Alipenda kusema kwamba siku aliyoshindwa ndiyo siku aliyoanza kuwa mwenyekiti.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, na hapa msomaji anaomba aache kujiita msomaji. Ni mimi, dada yake, na nina hasira.

Baba yetu, Mzee Gwakisa, alianguka shambani mwaka 1994. Akapooza upande mmoja, akaishi miezi michache bila kusema neno, akafa. Ilikuwa presha, na hakuna aliyekuwa amempima hata siku moja. Mwezi Aprili 2017 kanisa lilialika wauguzi kupima watu baada ya ibada. Tulikaa foleni moja, kaka na mimi. Muuguzi Jubilate alimpima akakuta 180 kwa 110. Akanipima mimi, 160 kwa 100. Akatuambia bila kuremba: presha haina kelele, mtu anajiona mzima huku mishipa inaumia. Tupunguze chumvi, tutembee, turudi kupima, na dawa tunywe kila siku, hata siku tunayojisikia vizuri, tena hasa siku hiyo. Dawa ikitusumbua tukamwambie daktari abadilishe, tusijiachishe.

Tulitoka pale tukasimama nje ya kanisa, tukamkumbuka baba, tukapeana mkono. Kila asubuhi mmoja atampigia mwenzake. Mpigaji nikawa mimi, kwa kuwa ndiye niliyetangulia kuamka. Simu yetu ilikuwa fupi, na watoto wangu waliijua kama sala.

"Mugonile, kaka."

"Ugonile."

"Umekunywa?"

"Nimekunywa. Na wewe?"

"Nimekunywa."

Miaka minane. Nilikuwa naamka na uvivu wa kuumeza ule uchungu, nikisema moyoni, kama Asajile mwenye mambo mengi amekunywa, mimi ni nani nisinywe. Masika ya mwaka 2022 maji yalikata barabara na dawa zangu zikaisha. Nikamwambia, na mchana wake dereva wa bodaboda akafika kwangu amelowa hadi kichwani, na kasha zima la vidonge limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Dawa yetu ilikuwa ya aina moja, akanipa zake. Muuguzi Jubilate alipojua alitugombeza wote wawili, kwamba dawa ya mtu haiazimwi. Mimi nililia kwa shukrani. Nilisema, kaka amejinyima kwa ajili yangu. Hakuwa amejinyima kitu. Alikuwa nazo tele kabatini, kasha juu ya kasha, kwa sababu hakuwa anazinywa.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Juni mwaka huu nilipiga kama kawaida. Nikauliza, akajibu amekunywa, akaniuliza kuhusu mpunga wangu, tukaagana. Haikupita nusu saa, Veronika akanipigia. Kaka alikuwa ameanguka palepale mezani, na kikombe chake, aliniambia baadaye, kilikuwa bado na joto. Tulimfikisha hospitali ya wilaya, na siku ileile wakatupeleka Mbeya. Daktari alisema ni kiharusi, kisha akauliza alikuwa anatumia dawa gani ya presha. Nikataja jina la dawa haraka, kwa kujiamini. Veronika alinishika kiwiko.

"Wifi, alishaacha."

"Aliacha lini?"

"Tangu mwishoni mwa mwaka ule wa semina."

"Kila asubuhi namwuliza, Veronika. Kila asubuhi ananijibu amekunywa."

"Chai," alisema. "Ulikuwa ukipiga, anaacha simu iite kwanza. Anapiga funda moja la chai, ndiyo anapokea. Alisema mzee wa kanisa hasemi uongo."

Nilikaa chini pale ukumbini, kwenye sakafu. Ningeuliza, "Umemeza?" nadhani angemeza kipande cha ndizi. Namjua.

Sababu niliambiwa siku ileile. Dawa ilikuwa ikimtoa nje kwenda haja ndogo. Zamani isingekuwa taabu, maana mikutano yake ilichukua nusu saa. Lakini alipoanza kuwasikiliza watu mikutano ikawa mirefu, akawa anainuka mara mbili, mara tatu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mwenyekiti ana sukari, mwenyekiti amekwisha. Aliona aibu. Daktari angeweza kumbadilishia dawa, ni jambo ambalo Muuguzi Jubilate alituambia tangu siku ya kwanza. Hakumwuliza daktari, hakuniuliza mimi. Alimwambia mkewe tu, na hata yeye hakumwuliza, alimwarifu, akamkataza kunieleza. Nilimlaumu sana Veronika siku ile. Alinijibu, "Wifi, ulitaka nifanyeje? Nyumba nayo ina mwenyekiti." Sina cha kumlaumu tena.

Ndiyo maana nasema tumesalitiwa, na neno hilo silifuti. Huyu ni mtu aliyekubali kushindwa kwa kura juu ya meza za kuanikia kakao. Juu ya uhai wake hakuitisha kikao. Mkutano huo ulianza ukiwa umeshakwisha, na sisi tuliompenda tuliendelea kuhudhuria kila asubuhi bila kujua. Wazee wetu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kimemwumbua kaka yangu, lakini anayelipa ni huyu mama aliyekaa pale mbele.

Siku ya Jumatatu alifumbua macho. Hakuweza kusema, kama baba. Nikamwinamia nikamwuliza, "Kaka, miaka yote hiyo ulikuwa unakunywa nini?" Alinitazama. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa hai, akauinua taratibu, akakunja vidole kama mtu aliyeshika sikio la kikombe, akaupeleka mdomoni. Upande mmoja wa uso wake ulijaribu kucheka. Machozi yalitoka pande zote mbili. Hilo ndilo jibu pekee alilowahi kunipa lisilo na mlango wa nyuma, na nalishukuru, ingawa lilikuja wakati halisaidii.

Alifariki dunia Jumatano tarehe 18 Juni 2025, hospitalini Mbeya, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Ameacha mjane, Veronika, watoto watatu, Tumaini, Doreen na Nancy, wajukuu watano, baba mdogo Anyisile, dada mmoja, ambaye ni mimi, na wakulima wa kakao ambao jana walimchimbia kaburi kwa zamu, wakibishana kuhusu kina chake hadi wakakubaliana. Angefurahi.

Nimeombwa nimalize kwa kumtakia amani. Apumzike nayo kaka yangu, Mungu ampokee. Mimi bado nimekasirika, na kwa kuwa tulifundishwa na mama mmoja tusiseme uongo, siwezi kusema hapa kwamba nimepoa.

Limebaki la Tumaini. Mwanangu, ulipokuwa unamwuguza baba yako Mbeya, muuguzi wa wodini alikupima na wewe, na namba zilizotoka zilikuwa jirani kabisa na zile za baba yako mwaka 2017. Umepewa dawa. Nilipokuuliza juzi umeamuaje, ulinijibu, "Nitaliangalia, shangazi." Jibu hilo nalijua lilikozaliwa, ni ndugu yake "Natoka mtoni, mama." Sasa kesho asubuhi simu yako italia, na utaipokea kabla hujagusa kikombe chochote. Sitakuuliza kama umekunywa. Nitakuuliza umekunywa nini.