Neno la Mke wa Fundi Randa Kwenye Ufunguzi wa Chumba cha Ushauri wa Dawa

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha kazi zako ukaja kutukatia utepe. Mganga Mkuu wa hospitali hii. Mkuu wa Kitivo cha Famasia pamoja na watafiti wako. Madaktari, wafamasia na wauguzi. Ndugu zetu wa tiba asili, mlioketi safu ya nyuma ingawa naona huku mbele viti vina nafasi. Wagonjwa na wanaowauguza, mliotoka wodini kuja kuchungulia. Mabibi na mabwana. Kila mmoja kwa cheo chake na kwa heshima yake, nawasalimu.

Mshereheshaji amenitambulisha kama mgeni maalumu. Namshukuru, ila umaalumu huu nimeupata kwa njia nisiyomwombea mtu. Mimi ni mjane wa Fundi Randa, seremala. Kwa kazi ni mkalimani wa mahakama. Mshtakiwa akisema kwa lugha yake, mimi namfikishia hakimu. Hakimu akisema, namfikishia mshtakiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nimezoea kusimama mbele za watu nikisema maneno ya wengine. Leo nimeambiwa niseme yangu. Mtanivumilia.

Mume wangu waliomjua hapa wapo. Nusu ya milango ya mtaa wetu ameitengeneza yeye, na ile nusu nyingine alikuwa akiisema vibaya. Nikirudi kutoka mahakamani alikuwa akiniuliza, "Mheshimiwa, leo umemfunga nani?" Namjibu mimi sifungi mtu, mimi natafsiri tu. "Haya, nitafsirie basi, chakula kiko wapi?" Ndivyo alivyokuwa. Alipenda kulainisha kila kitu, mbao na maneno.

Homa ya utotoni ilimwachia moyo mbovu, na ukubwani madaktari wa upasuaji wakamfungua kifua wakamwekea valvu ya bandia. Nilipomweleza kwamba valvu ni kama kimlango cha kupitisha damu upande mmoja, alicheka mpaka mshono ukamuuma. "Seremala mzima," akasema, "nimewekewa mlango na fundi mwingine!" Madaktari wale nawasifu, na nitawasifu mpaka nife, kwa maana walinipa miaka ambayo nilikuwa nimekwisha kuikatia tamaa.

Lakini mlango ule ulikuja na sharti. Kila siku, maisha yake yote, ameze kidonge cha kuzuia damu isigande, isije ikaganda pale kwenye valvu ikamwua. Damu ikiwa nzito ni hatari, ikiwa nyepesi kupita kiasi ni hatari vilevile. Kwa hiyo alikuwa akija hapa mara kwa mara kupimwa. Sharti hilo alilishika. Sikuwahi kumkumbusha.

Sasa nimtaje mama mkwe wangu, ambaye hayupo hapa, na kwa nini hayupo nitasema.

Mama mkwe ni mtu wa majani. Hapigi ramli, hatoi masharti, na mgonjwa akimzidi humwambia mapema aende hospitali. Yeye anajua majani ya tumbo, ya kikohozi, ya mtoto asiyelala, kwa kuwa mama yake alijua na bibi yake alijua. Miaka mingi kabla ya haya, alikuja kliniki hapa kwa ajili ya shinikizo la damu. Akaulizwa anatumia nini, naye kwa uaminifu akafungua kitambaa akaonyesha majani yake. Aliyekuwa mezani siku hiyo akasema kwa sauti, "Bibi, hayo mpelekee mbuzi." Chumba kizima kikacheka. Mama mkwe akakunja kitambaa chake, akapokea vidonge, akashukuru, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakulitamka tena jani ndani ya hospitali, na sisi wote wa nyumba yake tukajifunza vivyo hivyo bila kufundishwa.

Simtafuti aliyesema vile. Huenda amestaafu, huenda yumo humu, huenda hata hakumbuki. Lakini nauliza, ndugu zangu, mzaha ule uligharimu nini? Sekunde moja ya kicheko. Na kimya kilichofuata, nani alikipima?

Magoti ya mume wangu yalianza kumsumbua kwa sababu ya kupiga magoti kutwa akisugua mbao. Dawa za maumivu za kawaida alikatazwa, kwa sababu zinagombana na kidonge chake, na hilo mfamasia wa dirishani alimweleza vizuri. Mama yake akamwonea huruma. Akamchemshia majani ya maumivu ya viungo, ambayo ameshawapa watu chungu nzima wakainuka wakatembea. Jina la mmea sitalitaja. Watafiti wameniomba, na mimi mwenyewe nawajua watu wetu: nikilitaja hapa, kesho asubuhi nusu watakwenda kuuchuma na nusu nyingine kuung'oa, na wote watakuwa wamekosea.

Majani yalimfaa. Nasema kweli iliyo kweli, yalimfaa. Uvimbe ulipungua, akarudi kuimba karakanani.

Alipokuja kupimwa, damu ilionekana imekuwa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Daktari, mwenye foleni iliyofika hadi nje ya jengo, akampunguzia kidonge na kumwuliza swali lililo sahihi kabisa: "Unatumia dawa nyingine yoyote?" Mume wangu akajibu, "Hapana." Alitusimulia mezani jioni ile, bila wasiwasi wowote. Hakuwa amedanganya. Dawa kwake ni kile kinachotoka dirishani ndani ya bahasha. Kile kikombe cha asubuhi hakikuwa dawa. Kilikuwa cha mama.

Fizi zikaanza kutoka damu. Akasema mswaki ni mgumu. Mapaja yakawa na mabaka meusi. Akasema ubao ulimwangukia, na nani atabishana na seremala juu ya ubao? Jumamosi moja mchana alilalamika kichwa kinamuuma, akaketi juu ya kitanda alichokuwa akikimalizia kwa ajili ya bibi harusi wa mtaa wa pili. Jirani alipompelekea maji alimkuta ameegemea ukuta, mdomo umepinda, hasemi.

Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa. Hapa hospitalini walimpokea haraka na walihangaika naye sana. Wauguzi wa wodi ile nawaona pale, na nataka mjue kwamba sikusahau hata mmoja wenu.

Alfajiri akaja mfamasia wa wodi. Yule pale, anayejificha nyuma ya shada la maua. Hakuniuliza kama mume wangu anatumia dawa nyingine. Aliinama akasema, "Dada, samahani kwa kukusumbua wakati huu. Nyumbani alikuwa anakunywa nini? Chai, majani, unga, chochote. Na nani alikuwa anampa?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni na chupa ya chai mkononi. Alikuwa ameamka akachemsha majani. Mfamasia akaitazama ile chupa, akamtazama yeye, akamwomba kwa adabu ampe. Na mama mkwe akampa kwa mikono miwili, amefurahi, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hospitali kumwomba majani yake.

Akamwambia, "Akizinduka umpe, mwanangu. Bado ya moto."

Hakuzinduka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nisamehe. Nilijiambia nitapita hapa bila kukwama.

Chupa ile ilikwenda maabara ya Kitivo. Baada ya msiba watafiti walirudi nyumbani wakasema wanahitaji majani mabichi na maua yake, ili wawe na hakika ni mmea gani. Mama mkwe aliwapeleka mwenyewe, akawaonyesha lipi la kuchuma na lipi la kuacha. Alidhani wanataka kujua kama yanafaa. "Yanafaa," aliwaambia njiani, "ila mwandike vizuri, msije mkayachanganya na yale yanayofanana nayo." Wakaandika.

Kazi yao ilichukua muda mrefu. Ilipokamilika, mfamasia hakutuita ofisini. Alikuja mwenyewe, akavua viatu, akaketi sebuleni kwetu akaeleza. Ni kijana msomi na alikuwa na huzuni, na msomi akihuzunika maneno yake huzidi kuwa magumu. Mama mkwe akamsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Anasema nini huyu?"

Nimetafsiri hukumu za vifungo vya maisha. Nimemtafsiria mama mmoja ushahidi wa mwanawe mwenyewe. Sijapata kuogopa sentensi kama nilivyoziogopa zile.

Nikasema, "Anasema majani yako yanatibu kweli, mama. Wameyapima. Yanaondoa uvimbe wa viungo."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilijua. Halafu?"

Nikaanza kumkaribisha mfamasia chai.

"Halafu? Amesema mengi kuliko hayo."

Nikasema, "Anasema ini ndilo linalovunja kile kidonge cha damu ili kisijazane mwilini. Majani yanalizuia ini lisifanye kazi hiyo. Kwa hiyo kidonge kilikuwa kikijazana siku hadi siku, na damu yake ikakosa nguvu ya kushikana."

Aliweka mikono mapajani. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Mfamasia akaruka, "Hapana, mama, hakuna mtu anayesema kwamba..."

Akamwinulia mkono. "Sikukuuliza wewe, baba. Namuuliza mke wa mwanangu."

Ndugu zangu, mngejibu nini? Yule ni mama wa mume wangu, na tunaishi nyumba moja. Uongo mmoja mdogo ungempa usingizi. Lakini wanawe wengine wanakunywa majani yale yale, majirani wanakunywa, na mmoja wao leo au kesho atapewa kidonge kama kile. Nikamshika mikono nikamwambia, "Ni majani uliyompa, mama. Hukujua. Na waliojua hawakukuuliza."

Akasema, "Sawa." Akainuka akaenda chumbani kwake.

Mpaka leo hatujalizungumza tena. Majirani wakigonga mlango kwa shida ya magoti yao anawaambia majani yamekwisha, ingawa yamejaa uani wanayaona. Na jambo linaloniuma zaidi ya yote ni kwamba yeye mwenyewe sasa hamezi chochote. Hanywi majani, hamezi vidonge vyake vya shinikizo la damu. Nikimpelekea kidonge ananitazama tu, anasema, "Kiache hapo." Nakikuta pale pale. Mfamasia anakuja kumwona kila anapopata nafasi. Wanaongea habari za miti, anamsikiliza, anaaga. Bado hajafanikiwa. Nasema haya ili msiondoke hapa mkidhani kifo kile kilimchukua mtu mmoja.

Mkuu wa Kitivo ametueleza hivi punde kwamba utafiti unaendelea, na kwamba huenda siku moja jani hili likatoa dawa salama ya viungo. Nawapongeza kwa moyo mmoja. Siku hiyo ikifika nitakuja tena mkinialika, lakini msinishangae nikikaa kwenye kiti bila kupiga makofi. Nitakuwa najaribu.

Chumba hiki mlichokijenga ni kizuri. Nimeona meza, nimeona viti viwili vinavyotazamana bila dirisha katikati, na hilo nimelipenda kuliko rangi ya kuta. Wafamasia mtakaokaa humu, atakuja mtu na kifurushi kwenye kitambaa, mkono nyuma ya mgongo, macho yake yanawapima. Huyo ameshachekwa mahali. Msimwulize kama anatumia dawa. Mwulizeni anakunywa nini, na anapikiwa na nani. Na ninyi ndugu zetu wa safu ya nyuma, mgonjwa akija kwenu mwambieni atoe kwanza vidonge vya hospitali avionyeshe, na msione aibu kuja navyo hapa mkauliza. Mlango huu una upana wa kuwatosha.

Nilisema nitaeleza kwa nini mama mkwe hayupo. Uongozi ulimwalika, ulitaka yeye ndiye akate utepe. Aliniuliza, "Nikakate utepe wa nini? Mwanangu amefunguliwa nini?" Sikumlazimisha. Lakini asubuhi hii, nilipokuwa navaa viatu, alitoka chumbani mwake akasimama akishikilia ukuta, kwa maana magoti sasa ni yake yanayovimba. Akaniambia maneno, na haya nayafikisha kwenu kama alivyoyasema, siongezi wala sipunguzi:

"Waambie wawaulize watu wote, wasimwache hata mmoja. Na wakifika kwa mama wa mgonjwa, wamuulize taratibu."

Mheshimiwa mgeni rasmi, mabibi na mabwana, mmenipa masikio yenu na subira yenu, na vyote viwili nimevitumia. Nawashukuru sana.