Aliyeandikwa Salama Mara Tatu: Maisha ya Bi Monjia binti Frej Gharsalli

Kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyetuumba na ambaye kwake tutarejea. Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi siku hii ya tatu, hapa kilomita ya nne barabara ya Gremda, Sfax, familia inawasomea maisha ya Bi Monjia kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo jana tuliombwa kwa sauti ya upole tuiruke.

Bi Monjia alizaliwa tarehe 3 Februari 1962 huko Menzel Shaker, siku za mwisho za msimu wa kukamua zeituni, akiwa mtoto wa pili na binti wa pekee wa marehemu Mzee Frej Gharsalli, mkamuaji wa mafuta, na marehemu Bi Mabruka, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alinuka zeituni kabla hajanuka maziwa, kwa kuwa baba yake alimpakata bila kunawa mikono.

Alianza shule ya msingi hapohapo Menzel Shaker mwezi Oktoba 1968, akawa mtoto mkimya asiyependa kufuta alichokiandika, hata mwalimu wake wa hesabu akazoea kumtania mbele ya wenzake, "Monjia, wewe ukipewa zabibu kumi utaniandikia na kokwa zake." Mwaka 1974 alikuja Sfax kwa masomo ya sekondari, akalala bwenini miaka yote hiyo, kisha akaenda Tunis kusomea ufundi wa maabara, na tarehe 25 Juni 1983 akapata stashahada yake, ambayo baba yake aliitundika kwenye kinu cha mafuta, mahali ambapo kila mkulima aliyeleta zeituni alilazimika kuisoma.

Tarehe 3 Oktoba 1983 aliajiriwa katika maabara ya hospitali moja ya hapa mjini, ambayo hatuitaji jina kwa kuwa wahusika wanajijua. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande vya nyama vidogo kama punje ya mchele, vilivyochukuliwa ndani ya utumbo wa wagonjwa, akavigandisha ndani ya nta, akavikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavitia rangi na kuvilaza juu ya kioo, ndipo mkuu wa maabara akavitazama kwa hadubini na kuandika neno lake kwenye karatasi ya majibu. Kipande hakikuja na jina, kilikuja na namba, na neno lililoandikwa mara nyingi zaidi kuliko mengine yote lilikuwa hili moja: salama.

Tarehe 22 Julai 1988 alifunga ndoa na Bw. Mnawar Kammoun, fundi wa cherehani, ambaye kabla ya hapo alikwenda Menzel Shaker mara nne kutengeneza cherehani ya Bi Mabruka, ingawa cherehani hiyo iliharibika mara moja tu. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, Olfa, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1990, na Skander, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1993, na wote wawili mnawaona hapa.

Katika mwaka wa kwanza wa ndoa, Februari 1989, alikufa wodini binti mmoja wa miaka kumi na tisa kutoka Agareb, ambaye vipande vyake vilipita mikononi mwa Bi Monjia mara mbili na mara zote mbili vikaandikwa salama, naye alipoomba vitazamwe upya aliambiwa vimekwisha kuchomwa, kwa kuwa utaratibu wa maabara ulikuwa kuhifadhi vyenye ugonjwa na kutupa vilivyo salama. Hakubishana na mtu. Kuanzia wiki hiyo, kila kipande kilichoandikwa salama alikitia ndani ya kopo la halua lililokwisha kuoshwa, akabandika mwaka na namba, akalisukuma nyuma ya rafu ya dawa za rangi. Mkuu wa maabara alipoyagundua makopo hayo alicheka mbele ya wote, akikumbushia sifa ya ubahili ya watu wa mji huu, "Ama kweli wewe umekuwa mtu wa Sfax, Monjia, hata utumbo wa watu huutupi!" Wakacheka, naye akacheka nao, na kopo jipya likaanza kujazwa.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, nasi familia tunakataa kuandika kama ilivyo desturi kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, kwa sababu maneno hayo yanamfanya mtu adhani ugonjwa ndio uliochelewa kuondoka, wakati waliochelewa walikuwa watu. Maumivu ya tumbo yalimwanza mwezi Septemba 1997, akiwa na miaka thelathini na mitano, pamoja na homa za jioni na kukonda, hata pete ya ndoa ikawa inamdondokea ndani ya unga. Shangazi wa mumewe alisema ni jicho la hasidi, akamuuliza nani aliyesifia mikono yake, nasi tunamsamehe shangazi kwa kuwa hakusomea udaktari. Aliyesomea udaktari alimwambia hivi: "Dada yangu, tumboni huna kitu, kitu kiko kichwani. Punguza pilipili ya harisa, punguza na mawazo."

Tarehe 15 Aprili 2003 aliingizwa kamera ya utumbo, vipande vikachukuliwa, na kwa kuwa alikuwa macho aliisoma namba iliyobandikwa kwenye kichupa, 2003/418. Siku mbili baadaye kichupa hicho kilikuja mezani pake pamoja na vingine, akavigandisha, akavikata, akavitia rangi kwa zamu yake kama vya mtu mwingine yeyote, na jioni alipoulizwa na mumewe kazi ilikuwaje alijibu, "Leo nimekata utumbo wangu mwenyewe, na wala haukuwa mgumu."

"Na wamesemaje?"

"Wamesema salama."

"Basi kama ni salama, mbona huli?"

Swali hilo la fundi cherehani lilikuwa la kitaalamu kuliko yote aliyowahi kuulizwa hospitalini. Mwaka 2007 alipimwa tena, akaandikwa salama, mwaka 2011 akapimwa tena, akaandikwa salama, na kila mara karatasi hiyo ilitumiwa kumfungia mdomo, ukaandikwa wasiwasi kwenye faili lake, akapewa vidonge vya usingizi, na msimamizi wake akamwambia kwamba wanawake wakikaribia umri fulani hupenda kuugua. Miaka hiyo yote alikuwa akimeza maumivu asubuhi, anakwenda kukata vipande vya watu, na kila chenye neno lile alikitia ndani ya kopo.

Mwezi Novemba 2013 alifika maabara Dkt. Khaula Ghorbel, mtafiti kijana wa chuo kikuu, akiuliza kama kuna vipande vya zamani vilivyoonekana vizima, na mkuu akamjibu kwamba amepoteza nauli bure, "Sisi vya salama tunatupa." Hapo sauti ikatoka nyuma ya mashine ya kukatia, "Mnatupa ninyi. Mimi situpi." Makopo kumi na manne yakashushwa, yakiwa na vipande elfu moja mia moja ishirini na sita.

Kaka yake, aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mitano, alimwomba siku moja amweleze utafiti huo kama anavyoelezwa mtoto, na maelezo yake tunayasoma kama alivyoyatoa. Ukuta wa ndani wa utumbo umepangwa seli safu moja tu, mfano wa watoto walioshikana mikono, upande mmoja chakula na vijidudu, upande wa pili damu yako, na kila mtoto ana kitabu kilekile cha maagizo, na maagizo hayo ndiyo jeni. Kuwa na kitabu si kukisoma, la muhimu ni ukurasa upi umefunguliwa. Utumbo ukiwa mzima, kurasa zilizo wazi ni za kutengeneza ute na za kushikana mikono, na ukurasa wa kuwaita askari hufunguliwa adui anapokuja tu, kisha hufungwa. Lakini kuna watu ambao kurasa za ute zimefungwa, na ule wa kuita askari umebaki wazi mchana na usiku, basi askari wanakuja, hawamwoni adui, wanavunja nyumba, na huko kuvimba na kuwaka ndiko madaktari wanakokuita mchochota. Watoto wa safu hiyo hudumu siku nne au tano tu, kisha huja wengine, na ajabu ni kwamba wapya nao hufungua ukurasa uleule mbaya kana kwamba wamerithishwa. "Sasa kaka," alimalizia, "hadubini inaona watoto wamesimama wamenyooka, inaandika salama. Haioni wanasoma nini."

Dkt. Khaula alipima vipande vya watu arobaini, kwa kuwa vifaa vilitosha hivyo, akakuta tisa ambavyo kwa macho vilikuwa laini kabisa, ilhali jeni zake zilikuwa zikiita askari kwa sauti yote. Tarehe 9 Machi 2015 alimpigia marehemu simu, bila kujua lolote, akasema, "Bi Monjia, kuna mmoja anawaka kuliko wote, elfu mbili na tatu, mia nne kumi na nane. Yuko hai kweli huyo? Anatibiwa?"

Bi Monjia akajibu, "Yuko hai, ndiye aliyeshika simu. Hatibiwi, ameandikwa salama."

Matibabu yalianza mwezi huohuo, miaka kumi na saba na nusu baada ya maumivu ya kwanza, dawa zikaikuta nyumba imekwisha kuungua paa. Mwaka 2016 utafiti ulichapishwa, jina la kwanza likiwa la mkuu yuleyule aliyekuwa akicheka makopo, na Bi Monjia, ambaye bila mikono yake kusingekuwa na kipande hata kimoja cha kupima, akatajwa kwa maneno matatu, "hifadhi ya maabara", ingawa Dkt. Khaula aligombana hadi akatolewa nje ya kikao. Marehemu hakulia kwa hilo. Alipoletewa jarida hilo alisema tu, "Kokwa wamezila, zabibu wamezitupa," akageuza ukurasa.

Lililomliza ni jingine, nasi tunaomba mlisikie vizuri. Tisa walikutwa wanawaka, mmoja ni yeye, je, wale wanane? Aliingia ofisini kwa mkuu mara tano akiomba waitwe, kwa kuwa namba zipo, majina yapo kwenye daftari la mapokezi, na dawa siku hizi zipo, na mara ya tano alijibiwa, "Monjia, tusiwashtue watu. Mtu aliyeandikwa salama amelala usingizi wake, unamwamshia nini?" Akasema, "Namwamsha kwa sababu nyumba inaungua." Akaombwa afunge mlango anapotoka. Mwaka 2017 alistaafishwa, akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha makopo, na hadi leo tunapokaa hapa hakuna hata mmoja kati ya wanane hao aliyeambiwa.

Tarehe 17 Februari 2018 utumbo wake, uliokuwa umebana kwa makovu, ulitoboka. Alipasuliwa siku hiyohiyo, akapigana siku kumi na saba, na Jumanne tarehe 6 Machi 2018, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka hamsini na sita, mumewe akiwa amemshika mkono wa kulia, ule wa kukatia.

Siku tatu kabla ya hapo alimwita mwanawe Skander, akamwambia atoe karatasi yenye namba za wale wanane ndani ya kasha la cherehani, akasema, "Maabara watu hawaji, lakini msibani wanakuja. Zisomeni." Jana kuna mtu alitumwa, akaketi kwenye kiti kile, akanywa kahawa yetu, akasema matanga ni mahali pa kusameheana, si pa kusomeana namba. Tumemsamehe, na namba tunazisoma. Hazina majina, hazimfichui mtu, anayeijua namba yake ni yule tu aliyeihifadhi karatasi yake ya majibu chini ya nguo kabatini, au mtoto wake, au jirani yake: 1991/207, 1994/063, 1996/512, 1998/330, 1999/118, 2001/276, 2004/091, 2006/445. Tutazisoma tena baada ya chakula, na zimebandikwa mlangoni. Dkt. Khaula ameketi pale karibu na birika la kahawa, na ameahidi kumwona kila atakayekuja, mwenye namba au mwenye maumivu tu ambaye aliambiwa ni kichwa chake. Msiseme mtaulizia kesho. Mpigieni simu sasa hivi shangazi yenu mwenye karatasi kama hiyo.

Familia inawashukuru madaktari wa upasuaji na wauguzi waliosimama naye siku kumi na saba bila kumwambia apunguze mawazo, inamshukuru Bi Shedlia, mfagiaji wa maabara, aliyekuwa akiyafunika makopo kwa ndoo zake siku za ukaguzi, inawashukuru majirani kwa sinia za kuskusi na kwa kukesha pamoja na watoto wake, na wafanyakazi wenzake waliokuja kuzika ingawa waliambiwa kazini kuna shughuli. Mkuu wa maabara alituma rambirambi, tumezipokea, tunamwombea naye tumbo zima.

Na wewe Monjia, binti wa mkamuaji, namba ya tisa haimo kwenye orodha tuliyoisoma, kwa kuwa 2003/418 hahitaji tena kuitwa. Neno walilokuandikia mara tatu bila haki leo tunakuandikia sisi tunaokupenda, kwa mara ya kwanza likiwa la kweli. Lala salama.