Mfunge Dada Yako, Siyo Mimi

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na wewe binti yangu acha kunigeuzageuzia mito. Leo mimi ndiye ninayesema. Nyumba hii na chumba cha mbele cha zahanati ni vyenu wote wawili, sawa kwa sawa, na ule ugomvi wa nani atakalia kiti changu nataka ufe kabla yangu. Mmoja tabibu, mwingine muuguzi. Mkivutana, atakayeumia ni mgonjwa.

Lakini moyo wangu hautulii, na si kwa ajili ya nyumba. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote, nayajua mambo yetu. Sisi tuna matibabu yetu ya kwenye korido: unakutana na mwenzako kabeba trei, unamwambia kichwa kinaniuma, anachomoa vidonge mfukoni, unameza bila hata maji, kila mtu anarudi wodini kwake. Hakuna aliyekupima, hakuna aliyekuuliza. Kinyozi hajinyoi, walisema wazee, nasi tumeufanya usemi huo kisingizio.

Binti yangu, mimba yako ni kubwa, na tangu juzi nakutazama nikiwa hapa kitandani: miguu imevimba hadi kanda za viatu zinaacha alama, unafikicha macho, unaukwepa mwanga wa dirisha. Na wewe kaka mtu, jana nilikusikia ukimpa vidonge vya kichwa, mkacheka, yakaisha. Angekuwa mke wa mtu baki ungempima kabla hajakaa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo nitasema, mkasirike.

Hapana, usinifunge mimi hicho kipimo cha presha. Presha yangu haina habari mpya. Mfunge dada yako. Mfunge, nasema, la sivyo sifungui kinywa tena.

Mbona unampima mara ya pili? Usinidanganye, mwanangu, namba hizo nilizisoma kwenye nyuso za matabibu kabla hujazaliwa. Presha ikipanda hivyo, kifafa cha mimba hakimwogopi muuguzi.

Basi wosia umekwisha. Mpeleke hospitali sasa hivi, alazwe kama mjamzito yeyote. Jirani atakaa nami. Usilie, mama, utajiongezea presha... Mkirudi mkinikuta, vyema. Msiponikuta, nimewaridhia wote wawili... na huyo wa tumboni. Mungu awatangulie. Nendeni. Mbona mmesimama? Mlango... uacheni wazi, nisikie gari likiondoka.