Kaimu wa Marehemu Kaimu

Risala ya wakufunzi wanawake wa chuo cha afya, Kigoma, kwa Mkurugenzi wa Mafunzo, Machi 1998

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mafunzo kutoka wizarani; Mkuu wa Chuo; wakufunzi wenzetu; wanafunzi; na ninyi wazazi wetu mliotoka Ujiji na Katubuka mkaacha biashara zenu: wa kupewa shikamoo tunawapa, na waliobaki hamjambo.

UKARIBISHO

Karibu Kigoma, mgeni rasmi. Pole na treni. Kabla hatujafika mbali, tukuonye jambo moja: ukisikia harufu ya kuungua, usiinuke. Ni chakula chako.

Leo migebuka, samaki wa ziwa letu, wanapikwa na wakufunzi wanaume, chini ya Mwalimu Nikodemu wa maabara. Asubuhi alikuja mbio kumuuliza Bi Honorata wa Idara ya Ukunga, "Dada, kinatangulia nini, samaki au mawese?" Bi Honorata akanyanyuka amfuate jikoni. Tukamshika gauni.

"Kaa hapo, dada."

"Ataunguza!"

"Aunguze. Atajifunza."

Basi amekaa, mstari wa mbele, macho yake yako dirishani kwenye moshi. Kwa nini tumemshika gauni, ndiyo risala yenyewe.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianzishwa na marehemu Mwalimu Agnesi, aliyeongoza Idara ya Ukunga miaka mingi akiwa kaimu. Mwaka 1996 boti zilikuwa zikishusha wakimbizi wa vita kutoka ng'ambo ya ziwa, na wako akina mama walioshikwa na uchungu humo humo majini. Agnesi alichukua darasa lake zima akateremka nalo ufukweni. Hakuna aliyemtuma. Akaja afisa mmoja kijana, redio mkononi, akauliza kwa sauti kubwa, "Kiongozi wa hapa nani?"

"Yuko semina," Agnesi alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi ni kaimu tu. Weka hiyo redio chini, unishikie shuka hili, na ugeuke ukatazame ziwa."

Afisa akashika, akageuka. Mtoto alipolia, yeye naye alilia.

Jioni ile, miguu ikiwa bado ina mchanga, Agnesi alituambia, "Kazi tunaijua. Kuisimamia tunaisimamia. Kinachotushinda ni kukaa kitini." Ndipo tukaanza darasa la Jumamosi, baada ya kufua. Mmoja wetu anakuwa mwenyekiti wa kikao, waliobaki wanakuwa wanaume wa kikao. Bingwa wa kuigiza ni mwenzetu Gloriose, aliyekimbia kutoka Burundi na cheti chake cha uuguzi amekishonea ndani ya kitenge. Gloriose huegemea nyuma, hujipapasa tumbo asilokuwa nalo, kisha husema kwa sauti nzito, "Hoja yako nzuri sana, mama. Lakini kwanza, chai iko wapi?"

Mwenyekiti akinyanyuka kwenda kuchemsha chai, ameshindwa. Anarudia Jumamosi ijayo. Honorata alirudia Jumamosi nyingi kuliko sisi sote. Ukitaja chai tu, miguu yake inamtangulia.

Kengele ya kikao hatukuwa nayo. Agnesi alileta pembe yake ya mbao, ile ambayo mkunga huiweka tumboni kwa mama asikilize moyo wa mtoto. Aliyeishika anasema, wengine wananyamaza. Siku moja tulipokuwa tunamkatiza Honorata, Agnesi aligonga meza.

"Ninyi mnanyamaza kumsikiliza mtu ambaye hajazaliwa," alisema. "Huyu aliyezaliwa amewakosea nini?"

TULIYOYAFANYA

Wenzetu wawili sasa wamo katika kamati ya mitihani, na hawaandiki kumbukumbu: wanatoa maamuzi. Mwalimu Bonaventura wa stoo, aliyekuwa akisimama dirishani kutucheka, tulimwita ndani aigize mwanamume wa kikao. Gloriose alimshinda kuigiza. Tangu hapo anakuja kwa hiari, na leo ndiye anayemenya vitunguu. Machozi mtakayomwona nayo ni ya vitunguu, ingawa yeye atawaambia ni ya uzalendo.

Na Bi Honorata, mwanafunzi wa Agnesi tangu alipokuwa hajui kufunga kitambaa cha kichwa, tangu mwaka jana anaendesha idara. Wanafunzi wake wote wa mwaka wa mwisho wamefaulu. Ameanzisha zamu ya ukunga Mwamgongo, huko kunakofikiwa kwa boti, na huenda mwenyewe ijapokuwa hajui kuogelea. Ni kaimu.

YANAYOTUKWAMISHA

Mgeni rasmi, iko kozi ya uongozi ya wakuu wa idara. Kaimu haruhusiwi kwenda. Kaimu akiomba kuthibitishwa kuwa mkuu, anaulizwa: umesoma kozi? Agnesi aliuzunguka mduara huo mpaka viatu vikaisha soli.

Mara moja tu mlango ulifunguka. Mgeni aliyekutangulia, katika ukumbi huu huu, aliuliza, "Je, yuko mwanamke wa kupendekezwa kwa nafasi ya mkuu wa idara?" Hakuna mkono ulioinuka. Hapakuwa na hila, mgeni rasmi. Ni desturi yetu: mgeni akija, wakufunzi wanawake wote ni kamati ya chakula. Sote tulikuwa jikoni na migebuka. Ikaandikwa kwamba hakujitokeza mtu. Mlango ukafunguliwa, Agnesi akaingia na sinia, anatabasamu. "Wageni wetu, karibuni chakula."

Alipojua kilichopita, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mgeni mwingine akija, samaki wapike wenyewe."

Hakumwona mgeni mwingine. Alifariki mwaka jana wakati wa masika, kwa homa iliyomwanza darasani. Makaburini ulisomwa wasifu wake: marehemu Kaimu Mkuu wa Idara. Gloriose akanong'ona, "Hata huko anakwenda kukaimu?" Tukacheka, Mungu atusamehe, mbele ya jeneza. Halafu tukalia kuliko mwanzo.

OMBI

Hatuombi gari. Hatuombi jengo. Tunaomba mduara ukatwe, na pa kuukata utachagua wewe: Bi Honorata athibitishwe ndipo aende kozi, au aende kozi ndipo athibitishwe. Wengine walio nyuma yake wapite njia hiyo hiyo. Tusimsomee na yeye wasifu wenye neno kaimu.

Zawadi hatuna. Tunakuazima pembe ya marehemu. Bi Honorata atakuletea mwenyewe hapo mezani, na tunamkumbusha mbele yenu nyote: dada, ukishamkabidhi, usipitilize jikoni. Rudi ukae.

Mgeni rasmi, iweke juu ya meza yako huko wizarani. Siku utakayotuletea jibu, utaturudishia. Mpaka siku hiyo tutaendesha vikao vyetu bila pembe, na kwa sauti tulizonazo, mtatusikia.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa wako, awape nafuu walio wodini na walio kambini, na amlaze Mwalimu Agnesi mahali pema, kwa cheo chake kamili.

Sasa karibu chakula. Kilivyo, ndivyo kilivyo.

Ni sisi,
Darasa la Jumamosi la Wakufunzi Wanawake, Kigoma.
Msomaji: Hidaya Khalfani