Biri za Chumba cha Uani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la kinyozi. Mguu wake mmoja umefungwa waya, na wazoefu wanajua wakae wapi lisije likawaangusha. Hapo kila alasiri utawakuta wanaume watatu ambao hakuna jambo duniani wasilolijua. Wa kwanza ni Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye wateja wakiadimika huwaachia inzi duka na kutoka nje. Wa pili ni Barafu, fundi majokofu. Wa tatu ni Meneja, aliyebeba mizigo ya wageni hotelini maisha yake yote, lakini ukimsikiliza utadhani hoteli ilikuwa yake. Muuza kahawa huweka jiko lake miguuni pao, maana anajua wabishi hukaukwa koo upesi. Siku hiyo akaja mtu wa nne, Sindano, fundi cherehani wa duka la pili, mtu mpole asiyependa kubishana na mtu. Alikuwa amekumbatia kisanduku cha mbao. Akakiweka katikati ya benchi na kukifungua.

Ndani mlikuwa na biri, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, zisizo na karatasi. Zilikuwa zimepangwa vizuri, kichwa kwa kichwa.

– Za kaka? – aliuliza Wembe.

– Za kaka.

Meneja akavua kofia.

Habari ya kaka yake Sindano ilijulikana mtaa mzima. Miaka mitatu iliyopita alikwenda mbali kutafuta kazi. Alifunga chumba chake cha uani, akamkabidhi mdogo wake ufunguo na neno moja: biri zangu usiziguse, nikirudi tutavuta pamoja, nitakufundisha mwenyewe. Simu zake zikaja, zikapungua, zikakatika. Mwezi uliopita ukoo ulikaa kikao, ukakata shauri kwamba sasa ahesabiwe marehemu na chumba kipangishwe. Aliyekataa mpaka mwisho alikuwa Sindano. Naye hatimaye akachoka, akasema sawa. Mpangaji alikuwa anahamia kesho yake. Basi alitaka kuvuta biri moja tu, amuage kaka yake kwa hiyo, na hakujua hata inashikwaje.

– Nifundisheni – alisema. – Sijawahi kuvuta kitu mimi.

Hakuna neno tamu kuliko hilo pale kijiweni. Wote watatu wakasogea.

– Kwanza unachagua – alianza Meneja. – Usikurupuke. Unaibonyeza polepole, kutoka mguuni kwenda kichwani. Ukikuta pagumu, hapo pana fundo, moshi hautapita. Ikibonyea ikabaki imebonyea, ndani ina uwazi, itawaka vibaya. Nzuri ni ile inayobonyea kisha inarudi.

Sindano akachukua moja, akaibonyeza. Ikabonyea, ikarudi, laini kama shavu la mtoto. Akajaribu ya pili, na ya tatu.

– Zote ziko hivi.

– Kaka yako alijua kununua – alisema Meneja, akazichukua naye akazibonyeza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. – Safi kabisa hizi. Zingewekwa mezani pale hotelini leo, wangezigombania.

– Kuchagua ni kazi ya mpagazi – alisema Wembe. – Kazi ni kukata. Mnaona hapa kichwani? Kuna kipande cha jani kimebandikwa, kinaitwa kofia. Unakata hicho tu, juu ya mstari huu. Ukishuka chini ya mstari, jani la nje linafumuka lote, unabaki na takataka mkononi.

– Umewahi kukata biri wewe? – aliuliza Barafu.

– Nimekata vichwa tangu ujana wangu.

– Nywele.

– Nywele ziko wapi kama si kichwani? Usinipotezee muda.

– Haya, mkate mkatavyo – alisema Barafu. – Lakini mnasahau kuhifadhi. Mtu anaweza kununua biri nzuri, akaiweka juu ya kabati, baada ya mwezi ni unga. Biri inataka unyevu. Mimi ningeiweka kwenye jokofu.

– Jokofu linakausha – alisema Meneja. – Tena itanuka samaki.

– Nasema jokofu bovu, lisilowashwa. Mlango unabana, hewa haiingii, na ndani unaweka sponji mbichi. Unailowesha kila baada ya siku chache. Basi. Lazima uitunze, kwa sababu biri inahema.

– Inahema? – aliuliza Sindano.

– Inahema. Inavuta unyevu, inautoa, inavuta tena. Mwenyewe huwezi kuiona, lakini weka sikio.

Wembe akacheka. Sindano hakucheka. Aliinamia kisanduku, na kwa kitambo kidogo alishika pumzi yake ili asikie ya majani. Hakusikia kitu, ila baridi iliyompiga shavuni kutoka ndani ya mbao, na jua la alasiri lilikuwa linachoma.

– Inahema na inasikia – aliendelea Barafu, ambaye akishaanza hana breki. – Ukigombana karibu nayo, inakuwa chungu.

– Hilo dogo – alisema Meneja, akashusha sauti. – Kuna mgeni pale hotelini aliacha kisanduku kama hiki chumbani kwake. Akasema, nitarudi. Hakurudi. Tukangoja, tukangoja, mwisho tukagawana, kila mmoja moja. Wiki nzima ile tulikohoa kikohozi chake.

– Chake kivipi?

– Chake. Alikuwa anakohoa mara mbili, halafu anasafisha koo. Basi sote tukawa hivyo. Mpishi, wa mapokezi, mpaka mama wa kufua. Kila kona unamsikia mgeni, na mgeni hayupo.

Akakohoa mara mbili, akasafisha koo. Muuza kahawa, aliyekuwa akimimina, akaacha kumimina.

– Acha hizo, Meneja – alisema Wembe, lakini alikuwa amekunja uso. – Lete hiyo biri, fundi. Tumuage mtu wetu tumalize.

Akaupangusa mkasi wake kwenye koti, akaishika biri kwa vidole viwili, akapima mara mbili kwa jicho. Ukasikika mlio mdogo mkavu. Kofia ikaruka, ikapotelea chini ya benchi. Na pale pale harufu ikatoka: mbao, udongo uliolowa, na kitu kitamu kidogo kwa mbali. Ilikuwa harufu ya shati la kaka yake, lile alilovaa siku ya kuondoka, alipomkumbatia Sindano uani. Sindano akatoa kibiriti mfukoni. Akakaza macho kwenye kibiriti ili asilie mbele ya watu.

– Shikamooni.

Wakageuka. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na ndoo mkono mmoja, fagio mkono wa pili.

– Marahaba, dada – walijibu.

– Namtafuta fundi cherehani. Mimi ndiye mpangaji wa chumba cha uani. Nilitaka nikifagie leo ili kesho nilete vitu.

– Ndiye mimi – alisema Sindano, akaweka kibiriti chini, akatoa ufunguo mfukoni. – Kufuli itakusumbua, ina kutu. Asubuhi nimehangaika nayo mpaka nikaidondoshea mafuta ya cherehani, ndipo ikakubali. Ilikuwa haijafunguliwa tangu kaka aondoke. Dirisha nalo nilipigilia misumari mwenyewe.

– Vumbi litakuwa jingi.

– Jingi. Utakuta nyayo za mtu mmoja tu kutoka mlangoni mpaka kitandani. Ni zangu za asubuhi, nilipokwenda kuchukua hiki kisanduku.

Mwanamke akaweka ndoo chini, akapokea ufunguo. Macho yake yakaangukia kwenye kisanduku. Kwenye kona ya kifuniko, kwa ndani, palikuwa na kikopo cha bati chenye matundu, na ndani yake sponji. Akainama, akaigusa kwa ncha ya kidole. Akakitazama kidole chake. Akakipangusa kwenye gauni.

– Samahani, wazee wangu – alisema. – Hii sponji anailowesha nani?

Wa kujibu alikuwa Barafu, maana sponji alikuwa ameitaja yeye.

– Mbao zinavuta unyevu hewani – alisema.

– Kiangazi hiki? – aliuliza Wembe.

Barafu akanyoosha mkono, akaibana sponji. Tone la maji likatoka, likaanguka juu ya benchi, likabaki pale linang'aa. Meneja alizitazama zile biri alizokuwa akizisifia. Alijua vizuri kwamba biri ya miaka mitatu bila maji haibonyei ikarudi. Inavunjika. Alijua hilo muda wote, na kila alipobonyeza alikuwa akifikiria maneno yake mwenyewe tu.

– Mkeo labda – alisema kwa sauti ndogo.

– Ufunguo ni mmoja – alisema Sindano. – Ninalala nao.

Mwanamke akauweka ule ufunguo juu ya benchi, taratibu, mbali kidogo na lile tone.

– Basi chumba kina mwenyewe – alisema, wala hakuwa anatania. – Mimi nitatafuta kwingine.

Akachukua ndoo na fagio lake, akaenda zake.

Sindano aliogopa. Lakini katikati ya woga ule alikuwa na furaha, furaha kubwa ya ajabu, na aliionea haya. Kaka yake awe hai au maiti, alikuwa anakuja kuzitunza. Alikuwa bado anangoja siku ya kuvuta pamoja, na yeye mdogo wake ndiye aliyesema sawa kikaoni.

Akakirudisha kibiriti mfukoni. Akaichukua ile biri iliyokatwa, akailaza mahali pake. Ilionekana mara moja miongoni mwa wenzake, fupi, kichwa wazi.

– Wembe, kile kipande kiko wapi?

Hakuna aliyemwuliza anakitakia nini. Wembe alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Barafu akafuata, kisha Meneja, akishikilia kiuno. Muuza kahawa akasogeza jiko lake, na birika likachemka likamwagika juu ya makaa bila mtu kulitazama. Watu wazima wakatambaa chini ya benchi, wakipekua nywele za wateja na vipande vya karatasi, na waliopita njia wakawashangaa.

Wembe ndiye aliyekipata, karibu na mguu wenye waya. Akakipuliza vumbi. Akampa Sindano kwa mikono miwili.

– Akikuuliza – alisema – mwambie sikujua.

– Nitamwambia – alisema Sindano, akakiweka kipande juu ya biri yake na kufunga kisanduku.