Historia ya Radi, Fundi wa Mageti na Mpiga Ngoma wa Kutu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mliokaa na mliosimama, familia imemkabidhi shangazi wa marehemu kazi ya kusoma historia hii, yeye akiwa dada mdogo wa baba mzazi, na kwa kuwa inajulikana kwamba shangazi huyo hana breki mdomoni, ameombwa asome yaliyoandikwa na asiongeze la kwake, ombi ambalo amelipokea kwa heshima zote bila kuahidi kitu.

Familia haipendi kuficha jambo ambalo kila mtu ameshaliona, yaani wale mabwana na mabibi wa fulana nyeusi pale ukutani, na zile spika zao zilizofunikwa turubai. Hao ni bendi ya Kutu, ambao marehemu alipiga nao ngoma tangu ujana wake, na juzi katika kikao cha familia wakubwa walivutana juu yao, upande mmoja, ukiongozwa na baba mkubwa wa marehemu, ukitaka asomwe kama fundi wa mageti basi, na vyombo virudi vilikotoka, kwa sababu roki nzito haipigwi mbele ya jeneza, upande wa pili ukisema Radi bila Kutu ni nusu mtu, na nusu mtu hazikwi. Mwisho wote wakamgeukia baba mzazi aamue, naye akanyanyuka, akasema amesikia, akajiendea zake karakana. Jibu lake limepatikana leo asubuhi, nalo litasomwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1976, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, mvua ikinyesha na ngurumo zikipiga kiasi kwamba kilio chake cha kwanza hakikusikika, mkunga akadhani mtoto yuko kimya, akamgeuza ampige makofi mgongoni, kumbe maskini alishaanza kulia zamani, ni ngurumo tu zilizomzidi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa kitu chochote kumzidi kelele. Ndipo wakamwita Radi. Alikuwa binti wa pekee, kifungua mimba na kitinda mimba kwa mkupuo mmoja, na wazazi wake walimpenda hivyo hivyo, kwa mapenzi ya watoto saba.

Alianza shule ya msingi Januari 1983, akawa mwanafunzi mzuri wa hesabu ila vidole havitulii, na mwalimu wake alimhamisha dawati mara kadhaa kwa kosa la kupiga ngoma darasani, mpaka akagundua kwamba binti mwenyewe anafurahia kuhamishwa, maana kila dawati lina mlio wake. Akiwa darasa la saba, tarehe 2 Septemba 1989, mama yake alifariki, na nyumba ile ikanyamaza, baba na mwana wakawa wanakula meza moja na kusikia vijiko tu. Radi akahamia karakana, akila huko na kusoma huko, na ni huko alikomwona baba yake akifanya kile ambacho wateja wake wote wanakijua, kwamba akimaliza kuchomelea hauangalii mshono kwa macho, anaugonga kwa nyundo ndogo, anainamisha kichwa, anasikiliza, ukilia vizuri geti linaondoka, ukilia kama chungu kilichopasuka geti linarudi mezani. Mtoto akaanza kugonga naye, vipande vya mabomba, vya bati, vya nondo, akivipanga kwa milio yake, na baba, ambaye wakati huo alikuwa haongei na mtu, alimwacha agonge.

Alimaliza sekondari mwaka 1993, akasomea ufundi wa chuma katika chuo cha ufundi mwaka 1994 na 1995, akarudi karakana ya baba yake, na karibu nusu ya mageti mliyopitia kuja hapa leo yamepita mikononi mwake. Mwaka 1996 ndipo alipokutana na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, mpiga gitaa akiwa kinyozi, wa besi akiwa mwuguzi, mwimbaji akiwa karani mpole wa posta ambaye akishika kipaza sauti unadhani kuna mtu anamkaba. Walikuwa na kila kitu isipokuwa mpiga ngoma, Radi akajiunga nao. Shangazi yake aliposikia alimwita, akamkalisha, akamwonya kwa upole na kwa ukali, lakini ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa, na safari hii mbuzi mwenyewe alikuwa na bendi.

Sasa lipo jambo ambalo lilitokea kwa sababu ya maneno mawili, na familia imeona lisomwe lilivyo. Muziki ule, hiyo roki nzito, vijana wenyewe huuita chuma. Na bendi inaitwa Kutu. Basi Radi alipomuaga baba yake kwa mara ya kwanza, alimwambia kwamba Jumamosi mchana ana kazi ya chuma, yeye na Kutu, na yule mzee, ambaye maisha yake yote ni chuma na adui yake mmoja duniani ni kutu, alielewa alichoelewa, kwamba binti yake amepata kibarua cha kukwangua. Akafurahi. Akaingia stoo, akamtolea brashi ya waya iliyo mpya kabisa, glovu, na miwani yake mwenyewe ya kuchomelea, akamwambia macho hayana spea. Radi alifungua mdomo amweleze, akaona baba anatabasamu, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwenye nyumba ile tangu mama aondoke, akaufunga.

Hakudanganya, na hakusema kweli, na ili asiwe mwongo kabisa alipanda jukwaani na ile miwani usoni na zile glovu zilizokatwa vidole, watu wakashangilia, Jumamosi iliyofuata mashabiki nao wakaja na miwani ya kuchomelea, wenye maduka ya vifaa hawajui mpaka leo nani aliwaletea riziki. Huku nyumbani mzee anatembea mtaani akiwaambia majirani kwamba binti yake anaitwa kazi hata Jumamosi, na kwamba kutu ya mji huu haitaisha leo wala kesho. Radi alikuwa akimweleza shangazi yake, na machozi yalikuwa yakimtoka, kwamba haogopi kufukuzwa karakana, anaogopa kuirudisha ile nyumba kwenye kimya chake.

Jumamosi tarehe 20 Juni 1998 aliondoka akasahau brashi. Baba akaiona mezani, akasema mtoto atakwangua na nini, akaifunga kwenye gazeti, akaenda kwenye ukumbi aliosikia ukitajwa, akamuuliza bawabu kama hapa ndipo penye kazi ya chuma, na bawabu akamjibu kwa heshima kwamba ndipo hapa hapa mzee, chuma kiko ndani, na Kutu wanaanza sasa hivi. Akaingia. Waliokuwepo wanasema alisimama nyuma karibu na mlango, brashi kwapani, akitazama vijana wanaotikisa vichwa kama kuku waliomwagiwa maji, na mle mbele, nyuma ya ngoma, mwanawe wa pekee, na miwani yake, akipiga kwa mikono na miguu.

Radi alimwona. Aliwahi kusema kwamba mikono iliendelea yenyewe lakini moyo ulisimama. Na kabla wimbo haujafika katikati, stendi ya toazi kubwa, ile sahani ya shaba, ikakatika kwenye maungio, toazi likaanza kuinama, na mpiga ngoma hana mkono wa tatu. Mzee akaanza kupita katikati ya watu, vijana wakimpisha wakidhani ni shabiki wa siku nyingi, akapanda jukwaani, akaikamata ile stendi kwa mikono yote miwili pale ilipokatika, akaishika wima, akainamisha kichwa akasikiliza, mpaka wimbo ukaisha. Ukumbi ulipiga kelele ambazo hata baba mkubwa, aliyekuwa nyumbani kwake mtaa wa tatu, anakiri alizisikia.

Kuhusu uongo, kuhusu kibarua, kuhusu miaka miwili ya kukwangua kutu isiyokuwepo, mzee hakusema neno. Aliuliza jambo moja, aliyechomelea ile stendi ni nani, akaambiwa imenunuliwa dukani, akaguna, akasema ni kazi mbovu, haikugongwa na mtu. Ijumaa iliyofuata Radi alikuta stendi mpya imesimama mlangoni pa karakana, ya bomba nene, mshono wake unalia safi, na imepakwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kutoka juu mpaka chini. Huo ndio utani wa baba yake, na ndiyo ilikuwa baraka yake. Kuanzia hapo meza ya chakula ikawa na maneno, maana mzee alikuwa na maoni yake kuhusu kila wimbo, na mengi hayakuwa mazuri.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 2001 na fundi umeme wa ukumbi ule ule, bwana mtulivu ambaye walijuana kwa sababu Kutu walikuwa wakiunguza fyuzi kila wiki, akaenda kulalamika, akarudi na mchumba. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 5 Mei 2003, ambaye yeye anapenda nyimbo za kwaya na nyumbani walimvumilia, na wa kike aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2007, ambaye ameomba isisomwe anapenda nini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na Radi alitunzwa, hakuwahi kwenda mbali, hakuwa maarufu nje ya mji huu, lakini bendi zote za roki zilizowahi kupanda jukwaa la hapa zimetumia stendi za karakana yao, na hakuna hata moja iliyokatika.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 alianza kuvimba miguu, akapimwa, ikaonekana figo zimechoka, akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu. Aliwasumbua wauguzi, akidai mashine yake inachelewa mdundo, na kwamba inamkumbusha mpiga ngoma wa bendi pinzani, ambaye Radi alimbatiza Bwana Polepole. Huyo Bwana Polepole ndiye aliyempeleka na kumrudisha hospitali kwa gari lake kwa miaka yote mitano, akitukanwa njia nzima, na familia haijui imshukuru kwa maneno gani, kwa hiyo inasema asante, baba, asante sana.

Alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho Jumamosi tarehe 26 Agosti 2023, kwa wimbo mmoja, mikono imekonda, miwani inateleza puani. Baba yake, akiwa na miaka themanini kasoro, aliomba apandishwe, akawekewa kiti nyuma ya ngoma, akaishika ile stendi nyekundu kwa mikono miwili kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Stendi haikuwa na kasoro yoyote. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anaishika.

Mpendwa wetu alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, alfajiri, hospitalini, mume wake na watoto wakiwa naye, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomhudumia bila kununa hata alipostahili kununiwa. Inawashukuru majirani wa ukumbi, ambao kwa miaka yote hiyo walivumilia Jumamosi zao, na wakati wa ugonjwa ndio hao hao waliokuja kuuliza mbona siku hizi kumetulia, kuna nini. Inawashukuru mafundi wenzake wa mtaa wa chuma waliofunga karakana zao leo. Inawashukuru Kutu, kinyozi, mwuguzi na karani, ambao walimpokea binti aliyekuwa na vipande vya mabomba tu, wakamrudisha kwetu akiwa na furaha, na furaha hiyo tumeila sisi wote, hata sisi tuliokuwa tukiziba masikio.

Sasa jibu la baba. Leo asubuhi shangazi alitumwa karakana kumwita, akamkuta ameketi kwenye kigoda, ile stendi ameikwangua yote kwa brashi ya waya, ile ile aliyoipeleka ukumbini, meno yake yameisha nusu, na ameipaka upya rangi nyekundu. Aliugonga mshono, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Baba mkubwa alipoiona inaletwa hapa mbele alienda mwenyewe kuwasaidia kutoa turubai kwenye spika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, dakika ya kimya haitakuwepo, kimya yeye hakukipenda. Kutu watapiga wimbo mmoja, ngoma atapiga Bwana Polepole, ambaye ameapa mbele ya familia kwamba leo hatachelewa. Watoto wasikae karibu na ile stendi, rangi bado mbichi. Baba ameomba kiti kimoja, kiwekwe nyuma ya ngoma.

Wewe pumzika kwa amani, Radi. Stendi ameishika baba.